Volti Tisa

Kisanduku kimefungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye nguzo ya mkalatusi, hatua nane kutoka kwenye betri.
Taa nyekundu inapepesa mara tatu, inanyamaza,
inapepesa mara tatu tena,
kama mtu mwenye neno na kwikwi inamkatiza.

"Ina siku nne hivyo," asema Peres Nyangweso.
Nyanya zake zimejikunja majani.
Tangu Jumatatu yeye na wanawe wanapanda na madumu kutoka Miriu,
safari kumi na sita kabla ya kengele ya shule.
Hanilaumu. Anapangusa tu kiti cha plastiki, ananisogezea.

Sikai. Fundi akikaa mapema
mwenye shamba huanza kuhesabu gharama.

Naanza na betri, maana betri husingiziwa kila kitu.
Kumi na mbili nukta saba. Imeshiba, inacheua.
Fyuzi: mtu ameivisha karatasi ya pakiti ya sigara.
Nauliza nani. Okeno, kifungua mimba, anatazama kuku.
Natia ya ampea kumi na tano, nabonyeza swichi.
Rilei inalia ta.
Pampu kisimani inakoroma nusu sekunde,
kisha ta,
kisha ile taa na kwikwi yake.

Kidhibiti kinasema: umeme haunifikii.
Betri inasema: nimeutuma.
Mmoja wao mwongo,
au wote wakweli na mwizi yuko njiani.

Bi Chelagat alitufundisha karakanani Kondele:
waya usiupime ukiwa umelala.
Bila mzigo hata uliobaki uzi mmoja hujidai mnyororo.
Upe kazi, ndipo uujue.

"Okeno, bonyeza. Shikilia."
Kwenye betri: kumi na mbili nukta mbili.
Mlangoni mwa kidhibiti: tisa.
"Bonyeza tena."
Tisa.
Volti tatu zimeanguka katika hatua nane.

Naufuata waya wa hasi kwa vidole
kama mtu anayetafuta mwiba unyayoni mwa mtoto.
Pale unapozama kwenye nyasi, kiungo. Utepe mweusi.
Kina joto, joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa.

"Huyu aliyefunga hapa," naanza,
"huyu aliyefunga hapa si fundi, ni"
na Peres anangoja neno.

Nabandua utepe. Shaba imekuwa kijani, imekuwa unga.
Kati ya nyuzi kumi na tisa zimebaki tatu,
zimesokotwa kuelekea kushoto.

Mimi hutumia mkono wa kushoto.

Ilikuwa Agosti, mvua ikishuka kutoka upande wa Nandi,
risasi ya kulehemu imeniishia mfukoni,
nikasema, hii itashika, nitarudi wiki ijayo.
Wiki hiyo bado inakuja.

"Ni nani?" auliza Peres.
Sasa ni zamu yangu kutazama kuku.
"Ni mimi."

Anavunja jani moja la mnyanya, analinusa.
"Basi leo hulipwi."
"Leo silipwi."
"Na yale madumu?"

Hesabu hiyo mita yangu haina.

Nakata mpaka ing'ae, inchi mbili za waya mzuri
zikienda na ule mbovu. Nawasha jiko dogo.
Risasi inalia kidogo, inalainika, inaingia kati ya nyuzi
bila kuulizwa mara mbili.
Navisha mpira, naupasha usinyae,
naning'iniza kiungo juu, mbali na umande.

"Bonyeza, Okeno. Usiachie."
Kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Bomba linakohoa hewa, linatema matope,
kisha linaanza kusema kitu kirefu bila kukatizwa.
Okeno bado ameishika swichi.
Tumesahau kumwambia aachie.

Kiti cha plastiki kiko palepale,
kimeshika vumbi tena.
Nakusanya koleo zangu nikiwa nimesimama.